Umbali Ndio Mtaji wa Tapeli wa Magari

“Noah, namba D, 4WD, injini haijaguswa, haina kipengele, kadi mkononi. Mwenye nayo kahamishwa kikazi, anataka kuuza haraka. Gari ipo Dar. Bei ya kutupa, maelewano yapo.”

Tangazo la namna hii, pamoja na picha zake za kuvutia, humfikia mtu wa Amani, milimani mkoani Tanga, aliyekaa dukani kwake Shebomeza sawasawa na linavyomfikia mtu wa Kariakoo. Wa Kariakoo atapanda daladala akaone gari mchana huohuo. Wa Amani ana kilometa thelathini na kitu za vumbi na kona kushuka hadi Muheza, kisha basi la saa kadhaa mpaka Dar es Salaam, nauli ya kwenda na kurudi, na pengine malazi. Akiambiwa “kuna mteja mwingine anakuja saa kumi, nitumie laki tatu nikushikie gari”, laki tatu zinaonekana kama njia ya mkato.

Hapo ndipo tapeli anapokula. Gari huenda hana, picha kaziokota kwa muuzaji wa kweli, na jina la akaunti si lake. Kitu pekee alicho nacho ni umbali uliopo kati yenu. Kwa hiyo kila hatua nitakayoeleza hapa inalenga kuupunguza umbali huo: kwanza kwa simu ukiwa bado Amani, kisha kwa macho, na pesa zije mwisho.

Kulisoma tangazo

Anza na maneno yanayomgusa mnunuzi wa milimani. Mtu anayeshusha iliki, pilipili manga na mdalasini kwenda Muheza wakati wa masika anataka gari linalovuta magurudumu yote manne. Matapeli na madalali wanalijua hilo, ndiyo maana kila Noah kwenye matangazo ni “4WD”. Usibishane naye. Mwombe picha ya kadi ya gari na picha ya namba ya chasisi iliyochongwa kwenye chuma.

Magari ya Kijapani yanajieleza kwenye herufi na tarakimu za mwanzo za chasisi. Noah ya umbo la kwanza la milenia hii, iliyotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2007, ikianza na AZR60 inavuta magurudumu mawili ya mbele tu. Ikianza na AZR65 ndiyo inayovuta manne. Umbo lililofuata ni ZRR70 kwa mawili na ZRR75 kwa manne. IST ya kwanza ni NCP60 na NCP61 kwa magurudumu mawili, na NCP65 kwa manne. Probox ya umbo la awali ni NCP50 na NCP51 kwa mawili, na NCP55 kwa manne. Mtu akikuambia ana Noah ya mwaka 2010 na chasisi inaanza na AZR60, huna haja ya kuuliza swali la pili.

Ukifika kwenye gari lenyewe, inama uchungulie chini kwa nyuma. AZR65 ina propela inayokwenda nyuma na difu kati ya magurudumu ya nyuma. AZR60 haina propela wala difu huko. Kibandiko cha 4WD kinauzwa dukani, difu haibandikwi.

Neno la pili la kupima ni “namba D”. Watu wengi wanalichukua kama umri wa gari, na si hivyo. Herufi ya kwanza katika zile tatu za mwisho wa namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Gari la 2003 lililoingia nchini juzi litakuwa na namba mpya kuliko la 2008 lililoingia miaka kumi iliyopita. Mwaka wa kutengenezwa utafute kwenye kadi, kisha uulinganishe na aina ya chasisi.

La tatu ni bei. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika kwenye tovuti yake, na kila mtu anaruhusiwa kukitumia. Unachagua aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakupa makadirio ya kodi, zikiwemo ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na nyongeza ya uchakavu kwa gari dogo lililozidi miaka 8, ambayo hupanda tena likizidi miaka 10. Sasa chukua gari linalodaiwa “limeingia mwezi uliopita, halijatembea”. Kama bei anayoitaja haifiki hata kodi peke yake, jiulize ni mfanyabiashara gani huyo anayekuuzia gari kwa hasara kisha akakuharakisha.

Majina matatu, namba moja

Kwenye soko la magari, malipo ya awali huitwa kishika uchumba. Si jambo baya. Wauzaji wa kweli hupokea pia. Ubaya unaanza pale kishika uchumba kinapotangulia kuonana. Kinachoombwa huwa kidogo ukilinganisha na bei ya gari, na ndiyo hila yenyewe: mtu anayeogopa kupoteza milioni saba haoni uzito wa kuhatarisha laki mbili. Tapeli akiwapata watu kumi wa laki mbili kwa picha zilezile, ameuza gari ambalo halipo.

Kanuni yangu ni majina matatu na namba moja. Jina lililo kwenye kadi ya gari, jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA cha muuzaji, na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, au jina la akaunti ya benki, yawe ya mtu mmoja. Namba ya chasisi iliyo kwenye kadi iwe ileile iliyo kwenye chuma. Jina moja likitofautiana, malipo yasimame hadi tofauti hiyo ielezwe kwa karatasi. Kama muuzaji ni mrithi, kuna hati za mirathi. Kama ni kampuni, imesajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ina mtu aliyeidhinishwa kuuza. Kama ni dalali, haki yake ni udalali, na bei ya gari huenda kwa mwenye gari.

Wapo wanaojipa moyo kwamba laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo mwizi atajulikana. Usajili huo upo, lakini laini za utapeli mara nyingi zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine ambao hawana habari. Jina litakalotokea kwenye simu yako linaweza kuwa la mtu wa kweli kabisa asiyejua chochote kuhusu gari. Ndiyo maana jina hilo pekee halitoshi mpaka likutane na kadi. Na wewe mwenyewe piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; usije ukawa ndiye “muuzaji” wa Noah ya mtu mwingine.

Gari lipo, ila si la kuuzwa

Utapeli wa gari ambalo halipo ni rahisi kuugundua ukifunga safari. Mgumu ni ule wa gari lililopo, linalowaka, unaloliendesha mwenyewe, ila anayekuuzia hana haki ya kuliuza. Huenda amelikodi, huenda ni la bosi wake, huenda kadi halisi imewekwa dhamana kwenye mkopo na unayoonyeshwa wewe imechapishwa steshenari. Kisheria, asiye na umiliki hawezi kukupa umiliki, hata kama umemlipa kwa nia njema. Mwenye gari akijitokeza, anaondoka na gari lake, nawe unabaki na kesi ya kumtafuta uliyempa pesa.

Yako mambo machache unayoweza kuyaangalia bure kabla ya safari. Mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, wa kuhakiki bima utakuonyesha kama namba hiyo ina bima hai. Mfumo wa faini za barabarani wa Jeshi la Polisi utakuonyesha gari linadaiwa nini. Gari ambalo muuzaji anasema liko Dar “halitoki getini” huku lina faini mpya ya Singida, lina maelezo ya kutoa. Lakini neno la mwisho kuhusu umiliki liko TRA, kwa sababu ndiyo inayosajili magari Tanzania Bara na kuhamisha umiliki. Peleka namba ya gari na nakala ya kadi kwenye ofisi yao, ukiwa na muuzaji.

Ukanda wa Tanga una jambo lake la ziada. Kaskazini kuna mpaka wa Horohoro, na nchi nzima inapitwa na magari ya IT, yaani yale yanayoshushwa bandarini kwenda Zambia, Kongo na kwingineko bila kulipiwa kodi ya hapa. Ukiuziwa gari la namna hiyo au la namba za Kenya kwa ahadi kwamba “karatasi zitafuata”, ujue sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa mali isiyolipiwa ushuru. Forodha italikamata kwako, kwa kuwa wewe ndiye utakayekutwa nalo.

Ukiagiza Japani

Watu wa Amani nao huagiza moja kwa moja, na biashara hiyo ni halali na imezoeleka. Hatari zake ni tatu. Ya kwanza ni tovuti bandia iliyonakili ya kampuni inayojulikana, ikabadilisha herufi moja ya anwani. Andika anwani mwenyewe, usifuate kiungo ulichotumiwa, na angalia kama kampuni imo kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika wa Japani. Ya pili ni ankara inayobadilishwa njiani: barua pepe ya muuzaji inadukuliwa, unapokea ankara ileile ikiwa na akaunti mpya, labda ya nchi nyingine kabisa. Akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua mpya. Ya tatu ni kilometa. Omba cheti cha usafirishaji cha Japani, ambacho huonyesha tarehe ya usajili wa kwanza na usomaji wa kilometa, pamoja na karatasi ya mnada kama gari limetoka mnadani. Alama R kwenye karatasi hiyo ina maana gari liliwahi kugongwa likatengenezwa.

Baada ya bandari ya Tanga kuongezwa kina hadi mita 13 na gati lenye urefu wa mita 450, imezuka nafasi ya hadithi mpya: “gari lako limefika Tanga, tuma pesa ya storeji leo, kesho inaongezeka.” Jibu ni fupi. Malipo ya serikali yana kontrol namba, na hayaendi kwenye simu ya mtu. Dai hati ya shehena, ile mawakala wanayoiita BL, yenye jina lako na chasisi yako.

Siku ya kulipa

Nenda na fundi wako, si wa kuonyeshwa na muuzaji. Mlikute gari asubuhi likiwa baridi. Fundi afungue boneti asome chasisi kwenye kibati na kwenye chuma, ambacho kutegemea gari kinaweza kuwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini au chini ya kiti cha mbele. Tarakimu zilizopinda, rangi mpya mahali pale tu, au alama ya kuchomelea ni sababu ya kurudi nyumbani. Kisha liendesheni, mkipita mlima na matuta.

Mkikubaliana, andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Jina la wakili lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, kwa maana vishoka wapo hata huko. Lipa kwa benki kwenda akaunti yenye jina la kwenye kadi, na uhamisho wa umiliki uanze TRA siku hiyohiyo, nyote mkiwa na TIN zenu. Milioni kadhaa taslimu kwenye mfuko wa rambo, kwenye maegesho ya hoteli, hazina ushahidi wowote.

Ukishapigwa, usipoteze saa kwa aibu. Piga kwa mtandao wako wa simu au benki uombe muamala uzuiwe. Dakika za mwanzo ndizo zenye matumaini. Nenda polisi uchukue RB, ukiwa na picha za mazungumzo yote na kumbukumbu ya muamala. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaugusa utapeli huu moja kwa moja. Namba iliyokutapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Na tangazo lenyewe usilifute kwenye simu, ni ushahidi.

Kabla ya yote hayo, ipo sentensi moja ya kumwambia muuzaji ungali Amani: “Nakuja na fundi, nakulipa tukiwa TRA.” Mwenye gari lake atakuuliza siku gani. Mwingine ataleta hadithi ya mteja wa saa kumi, na wewe utakuwa umepata jibu lako bila kulipa nauli.