Kima, Papa na Punda wa Dobi: hadithi inavyofunza kutatua matatizo (2)

Juma lililopita tulizungumzia stadi ambazo waajiri huzililia na shule huziahidi: kuwasiliana, kushirikiana, kufikiri kwa kina, kutatua matatizo. Mtaala wa umilisi nchini Kenya umezipa nafasi miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na mtaala ulioboreshwa wa Tanzania, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, nao unazihimiza. Kuzitaja kwenye waraka ni rahisi. Leo tushike swali la namna: je, hadithi fupi inaweza kumfunza mtu kutatua tatizo, na kama inaweza, hufanyaje kazi hiyo?

Nichukue hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia kabla ya kujua kusoma. Askofu Edward Steere aliiandika kama alivyosimuliwa Unguja, akaichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales. Kima ana urafiki na Papa. Mkuyu mkubwa umeinamia bahari; Kima hula kuyu juu ya matawi, na Papa hula zile anazotupiwa majini. Siku moja Papa anamwalika rafikiye kwao ili naye akamlipe wema wake, na kwa kuwa Kima si mtu wa maji, Papa anambeba. Walipofika katikati ya bahari, Papa anatoa la moyoni: kule kwao sultani ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima.

Hapo msimulizi anyamaze. Asiseme Kima alifanya nini. Aulize: ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Majibu hayachelewi. Yupo atakayesema Kima aruke aogelee, na mwenzake atamkumbusha kwamba pwani haionekani. Yupo wa kumng'ata Papa, na darasa litacheka. Mwingine atataka Kima alie, amkumbushe rafikiye kuyu zote alizomtupia. Wazo hili si baya, ila lina tundu: Papa alishaupima urafiki huo na ugonjwa wa sultani, na sultani ameshinda. Kila jibu lipimwe hivyo kwa hali ilivyo, bila kejeli, mpaka majibu mepesi yaishe na darasa litulie. Mwalimu mwenye pupa huingia hapo na kulitoa jibu, na kipindi kinamponyoka.

Kisha swali lifanywe dogo: Kima ana nini? Nguvu hana, njia hana, muda unakwisha. Lakini anazijua habari za kima kuliko Papa anavyozijua. Tena Papa amemfunulia jambo kubwa bila kukusudia: anachokihitaji ni moyo, si Kima mzima. Watoto wakishayaona haya mawili, hakosi kutokea mmoja wa kusema, "Amwambie hana moyo." Ameukaribia mlango, lakini haujafunguka. Mtu aliyebanwa akisema hana kile anachodaiwa, nani atamsadiki? Kila mdaiwa husema hivyo.

Sasa simulizi iendelee. Kima anamlaumu Papa kwa kutomwambia mapema, maana angeuchukua moyo wake. Kwani hajui kwamba kima hutembea na miili mitupu, mioyo wakaiacha mitini? Halafu anafanya jambo ambalo kwangu ndilo kitovu cha hadithi nzima: anakataa kurudi. Anasema Papa hatamwamini, atadhani ni woga, basi na waende huko huko kwao wamchinje, wautafute moyo kama wataupata. Na Papa, aliyekuwa na haraka ya kufika, sasa ndiye anayesihi warudi kwanza mkuyuni. Kima anashikilia kwenda mbele, Papa anashikilia kurudi, na Kima "anashindwa".

Makampuni hulipia semina hotelini ili watu wafundishwe jambo hilo moja, tena kwa picha za ukutani: mtafute mwenzako anahitaji nini hasa, kisha mwache alifikie uamuzi unaoutaka akidhani ni wake. Bibi zetu walilitoa bure jioni. Watoto wengine wataudhika kwamba Kima alisema uongo, na wana haki ya kuudhika. Mwalimu asiwanyamazishe, kwa sababu kubishana juu ya uongo wa kuokoa roho ni stadi nyingine, tena ngumu kuliko ya kwanza.

Lakini je, mtoto aliyeifurahia hadithi hii ataikumbuka siku anapobanwa na tatizo lake mwenyewe? Hapa wataalamu wa saikolojia wana jambo la kutupunguzia majigambo. Mwaka 1980 Mary Gick na Keith Holyoak, watafiti waliokuwa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kisa cha jemadari anayetaka kuiteka ngome. Barabara zote za kuingilia zimetegwa mabomu yanayolipuka jeshi kubwa likipita, ila kikundi kidogo hupita salama. Jemadari akaligawa jeshi, vikundi vikapita kila barabara, vikakutana ngomeni. Baadaye wanafunzi wakapewa tatizo la daktari: mgonjwa ana uvimbe tumboni, mionzi mikali itauua, lakini itaunguza pia nyama nzima njiani, mionzi hafifu haidhuru nyama, na uvimbe haiuwezi. Afanyeje?

Msomaji ameshaona kwamba mionzi hafifu itoke pande nyingi na ikutane kwenye uvimbe. Ameona kwa sababu nimeviweka visa viwili pamoja. Bila kisa chochote, kiasi cha mtu mmoja tu katika kumi ndiye aliyelipata jibu hilo. Waliosoma kisa cha jemadari bila kuambiwa kina uhusiano na tatizo, waliolipata walikuwa kama theluthi moja. Walipodokezwa tu kwamba kisa kile kingewafaa, karibu robo tatu walilipata. Hadithi walikuwa nayo kichwani, mbichi kabisa, wakaipita. Mwaka 1983 watafiti hao hao waliongeza jambo: waliopewa hadithi mbili za aina moja na kutakiwa wazilinganishe walifaulu zaidi kulivuka tatizo jipya kuliko waliopewa moja. Kulinganisha huwafanya watu walione umbo la tatizo, ambalo hadithi moja hulificha nyuma ya ngome na majemadari.

Wapo wanaoamini kwamba kusoma tu kunatosha, kwamba fasihi nzuri humlainisha msomaji yenyewe. Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyoonyesha kwamba kusoma kipande kifupi cha hadithi ya kifasihi humwongezea mtu papo hapo uwezo wa kutambua hisia za wenzake. Magazeti yaliyashangilia. Waliorudia majaribio hayo baadaye, wakiwemo wa uchunguzi mkubwa wa mwaka 2018, hawakuipata nguvu ile. Mimi sishangai. Dakika chache za kusoma zingekuwa zinatosha, walimu wa fasihi tungekuwa malaika.

Tuurudie mkuyu, kwa maana msimulizi wa Unguja alilitambua jambo la kulinganisha kabla ya maabara yoyote. Kima akiwa salama juu ya mti, Papa anamwita ashuke waende. Kima anamuuliza kama anamfanya yeye punda wa dobi, kisha anamsimulia hadithi ndani ya hadithi. Punda amemtoroka dobi, akanenepa porini. Sungura anamjia na posa kutoka kwa Simba, ambaye ni mgonjwa na anataka nyama. Punda anafurahi, anakwenda, anaparurwa, anampiga Simba mateke na kuponea chupuchupu. Sungura anamrudia tena: yale yalikuwa mazungumzo ya Simba tu, ndivyo alivyo. Punda anakwenda mara ya pili, na hiyo ndiyo ya mwisho. Simba alitaka aletewe moyo na masikio; Sungura alishavila. Alipoulizwa viko wapi, akajibu kwamba punda yule hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi.

Kuna tatizo moja hapo, na wawili wanaolikabili: ufanyeje anapokuita tena yule aliyekwisha kukudhuru? Waambie watoto waziweke hadithi mbili bega kwa bega. Punda alikosa nini alichokuwa nacho Kima? Nguvu alikuwa nazo nyingi kuliko Kima, alimbwaga Simba. Alipewa maelezo matamu ya jambo alilolishuhudia mwenyewe, akayapokea kuliko majeraha yake. Anayeona hilo ataliona pia kwenye simu inayomwambia pesa zilizopotea zitarudi akituma nyingine kidogo.

Hadithi hii haikuzaliwa pwani. Imo katika Panchatantra ya India, na katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8. Mwenzake Kima huko India ni mamba, kwa Waarabu ni kasa. Kwetu akawa papa. Kinachonivutia ni swali la mfalme linaloitangulia katika kitabu hicho cha Kiarabu. Mfalme hasikilizi kisa cha werevu wa kima. Anaomba mfano wa mtu aliyehangaikia kitu, akakipata, kisha akakipoteza. Yaani somo lilikuwa la Papa! Sisi darasani humwachia Papa nafasi ya mjinga, na huku yeye ndiye mwenye tatizo halisi: sultani mgonjwa, dawa adimu, rafiki asiyejua. Alikosea wapi? Kumwamini Kima, au kusema kweli katikati ya safari, au kumtaka rafiki kafara tangu mwanzo?

Maswali ya namna hiyo hayaingii kwenye mtihani kirahisi. Mtahini huuliza muktadha wa dondoo, sifa za mhusika, maudhui, na mwanafunzi hodari hukariri vyote. Hata "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, iliyotahiniwa Kenya kwa miaka kadhaa, wengi waliitoka na kichwa cha habari tu: unyakuzi wa ardhi. Lakini humo yumo Mzee Mago, anayejaribu kuwaunganisha majirani wa Madongoporomoka kulinda ardhi yao. Isomwe mpaka hapo na ifungwe. Darasa ligawanywe kuwa majirani, wenye hofu, wenye hasira na waliokata tamaa, wakae kikao. Ushirikiano utafanyiwa mazoezi, na maudhui hayatakimbia.

Mwenye watoto nyumbani ajaribu usiku mmoja kuwapa nafasi ya Papa: Kima yuko juu ya mti na hashuki, sultani bado anaumwa, na safari ya kurudi kwao ni ndefu. Juma lijalo tutaingia kwenye hadithi ambazo msimulizi mwenyewe hana jibu, zile zinazoisha kwa kuwauliza wasikilizaji nani kati ya ndugu watatu apewe binti waliyemponya pamoja.