Mvua ya Mtandaoni Ndani ya Daftari la Singida

Singida ni mkoa wa msimu mmoja wa mvua. Hunyesha kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na jumla ya mwaka huwa kati ya milimita 500 na 800 hivi. Kwa mvua chache kiasi hicho, ukavu wa majuma mawili wakati alizeti inatoa maua unatosha kumwachia mkulima makapi badala ya mbegu. Kwa hiyo bwana shamba, katibu wa chama cha ushirika au mwalimu wa jiografia anayeandika mvua siku kwa siku anafanya kazi kubwa, na kompyuta inaweza kumsaidia: programu-jalizi ndogo ikachota data za mvua mtandaoni na kuziweka ndani ya wiki yake binafsi. (Humu wiki ni daftari la kurasa zilizounganishwa kwa viungo, siku saba nitaziita juma.) Nashikilia kwamba programu-jalizi ya aina hiyo iandikwe ifanye kazi kama karani wa ghala: ipokee mzigo, iandike umetoka wapi na umefika lini, kisha iutunze. Nyingi huandikwa zionyeshe namba ya sasa hivi tu, na hapo ndipo zinapopotosha.

Chukua TiddlyWiki, programu iliyotolewa na Jeremy Ruston mwaka 2004. Daftari zima ni faili moja la HTML, hufunguka kwenye kivinjari bila intaneti na hubebeka kwenye flashi. Tangu toleo la 5.3.0 la mwaka 2023 ina amri yake ya kutuma ombi kwa seva na kupokea jibu, hivyo kazi ya mwandishi wa programu-jalizi imepungua sana. Kwa upande wa data ipo huduma ya POWER ya shirika la NASA, inayotoa bure makadirio ya hali ya hewa ya kila siku tangu mwaka 1981, kwa nukta yoyote duniani. Unaipa latitudo na longitudo, kwa mji wa Singida ni karibu nyuzi 4.8 kusini na 34.75 mashariki, pamoja na tarehe ya kuanzia na ya kuishia. Inakurudishia tarehe na namba zake. Kuchota kumekwisha. Ugumu unaanza namba zikishafika.

Siku ambayo haina data, POWER huiandikia -999. Programu-jalizi isiyolijua hilo itajumlisha tu: juma lenye milimita 40 kwa siku nne, na siku tatu zisizo na data, litatoa jumla ya hasi 2,957. Hilo angalau linaonekana. Kwenye joto kosa hujificha, maana -999 moja ndani ya mwaka mzima hushusha wastani kwa karibu nyuzi 3, na matokeo yake bado yanafanana na kitu cha kweli. Jambo la pili ni zito zaidi. Namba za siku za karibuni ni za muda. Baada ya miezi kadhaa hubadilishwa na zile zilizochambuliwa upya. Tarehe ileile, nukta ileile, huweza kuwa na kiasi kingine cha mvua ukiuliza tena baadaye. Aliyeshauri kupanda kwa kutegemea namba ya Desemba hawezi kueleza ushauri wake mwezi Agosti kama daftari limeifuta kimyakimya na kuweka nyingine. Ndiyo sababu kila kundi la namba lipate kadi yake, yaani ukurasa wake ndani ya daftari, yenye sehemu ya chanzo, ya nukta na ya siku ya kuchotwa. Likichotwa tena, ifunguliwe kadi mpya na ile ya kwanza isiguswe.

Atatokea wa kusema kwamba kwa hali ya hewa cha zamani hakifai, bora namba mpya kila unapofungua ukurasa. Anayetaka kujua kama ataanika leo yuko sahihi, lakini huyo hahitaji daftari. Daftari hufunguliwa pia shambani mahali ambapo mtandao haushiki au bando limeisha, na ukurasa unaotegemea seva hapo hubaki mtupu. Wala faili halitavimba: mvua ya mwaka mzima ni namba 365, kilobaiti chache tu, wakati picha moja ya simu huzidi megabaiti.

Pingamizi lenye nguvu ni jingine: makadirio hayo si mvua ya shamba. Kweli kabisa. Eneo moja la POWER lina ukubwa wa kilomita zipatazo 55 kwa 69, na mvua ya Singida huweza kunyesha ng'ambo ya korongo ikaacha upande huu vumbi. Tena kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi, ilhali siku ya POWER hukatwa usiku wa manane, basi mvua ya usiku mmoja huweza kuandikwa kwenye tarehe mbili tofauti. Kwa hiyo namba iliyosomwa kwa macho ikae sehemu yake, ya mtandaoni ikae kando, na programu-jalizi isiwe na ruhusa ya kuandika juu ya neno la mwenye daftari. Tofauti ya namba hizo mbili, ikikusanywa misimu kadhaa, humfundisha bwana shamba aamini makadirio kwa kiasi gani katika kijiji chake.

Yamebaki ya ufundi. Kivinjari huzuia ukurasa kusoma jibu la seva nyingine mpaka seva hiyo iruhusu, hivyo chanzo kijaribiwe kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Vyanzo vingine hudai ufunguo wa siri. Usiuweke ndani ya faili, kwa kuwa ukimtumia mwenzako daftari kwa WhatsApp umempa na ufunguo. Na ombi likishindwa, kadi iendelee kuonyesha namba za mwisho pamoja na tarehe zilipochotwa, kwa maandishi makubwa kama ya namba zenyewe.