Bastola iliyonyamaza si bastola tupu

Ndugu mlinzi, na wewe ndugu mfanyakazi unayepita mbele ya mlinzi kila siku,

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, miwani, buti na vumbi la mgodi. Leo tunasema juu ya chombo kingine cha kazi: bastola ya mlinzi aliyeruhusiwa kuibeba. Bastola iliyoharibika, mara nyingi fundi huiponya kwa resori moja tu. Lakini mkono uliotobolewa na risasi hauponi hivyo.

Tuchukue mfano wa bastola ya milimita 9 iitwayo GP, ya kiwanda cha FN cha Herstal, katika Ubelgiji. Mmarekani John Browning aliianza, naye akafariki mwaka 1926 kabla ya kuimaliza. Mbelgiji Dieudonné Saive aliikamilisha, na ikaanza kutoka kiwandani mwaka 1935. Kibweta chake cha risasi, ndicho sharjeri, hubeba risasi 13. Ni chombo kigumu, kisichosumbua ovyo. Ndiyo sababu siku inapoanza kukwama mwenyewe hushangaa, na mshangao humtia haraka. Haraka hiyo ndiyo hutuletea majeruhi.

Inafanyaje kazi?

Risasi ikilia, nguvu ya baruti husukuma mfuniko wa juu kwenda nyuma. Kulabu ndogo huvuta ganda tupu, nalo hurushwa nje. Halafu resori kuu hurudisha mfuniko mbele, nao huchukua risasi mpya katika sharjeri na kuiingiza chumbani, nyuma ya mtutu. Yote hayo hupita kwa nukta moja ya jicho. Kazi moja ikilegea, zote husimama.

Dakika ya kwanza

Umefyatua, bastola haikulia. Ufanye nini?

1. Usiigeuze kuitazama. Mdomo wa mtutu ubaki kuelekea mahali pasipo mtu. Kidole kitoke katika kifyatulio.

2. Ikiwa uko kwenye uwanja wa mazoezi, hesabu polepole mpaka 60. Kuna risasi ambayo fataki yake huchelewa kuwaka, kisha hulia wakati mtu amekwisha kuamini kwamba imekufa.

3. Toa sharjeri KWANZA. Baadaye vuta mfuniko nyuma, risasi ya chumbani itoke. Ukigeuza utaratibu huu, ukavuta mfuniko kwanza na kutoa sharjeri baadaye, umekwisha kuingiza risasi nyingine chumbani kwa mkono wako mwenyewe. Sharjeri iko mezani, wewe unasema bastola ni tupu, kumbe moja imebaki ndani.

4. Tazama chumbani kwa macho, kisha papasa kwa kidole kidogo. Usiku macho hudanganya.

GP nyingi zina kizuizi: ukitoa sharjeri, kifyatulio hakifanyi kazi. Usikitegemee. Katika bastola nyingine kizuizi hicho kimekwisha kuondolewa, nawe huwezi kujua kwa kuitazama nje.

Sikia pia sauti. Kama risasi imelia kidogo tu, "puf", simama kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikikikuta pale, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako. Bastola hiyo iende kwa fundi, isipigwe tena.

Tafuta ugonjwa kabla ya dawa

Mtu akija kwetu dispanseri na homa, hatumpi dawa zote za kabatini. Tunamuuliza: homa ilianza lini? Inakuja saa ngapi? Tunampima damu. Bastola nayo ni vivyo hivyo. Ilikuwa nzima, sasa ni mgonjwa. Basi kuna kitu kilichobadilika. Andika katika daftari la posti kila mara inapokwama, na namna ilivyokwama. Fundi wa silaha atasoma hivi:

Risasi mpya inakwama kuingia: achunguze sharjeri kwanza. Ikianguka juu ya saruji midomo yake hupinda. Resori yake huchoka. Mchanga huingia ndani. Kila sharjeri iandikwe namba kwa rangi. Ikiwa ugonjwa unafuata sharjeri namba 2 popote inapokwenda, mgonjwa ni sharjeri, si bastola.

Ganda tupu halitoki, au linabanwa mlangoni: atazame kulabu. Ncha yake huenda imelika, au masizi yamejaa chini yake. Chumba kichafu nacho hushika ganda.

Mfuniko haufungi mpaka mwisho: ni uchafu, au resori kuu imezeeka. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara zetu hushikana na mafuta mengi, yakawa kama uji wa mchanga unaosaga chuma. Mafuta yawe kidogo, mahali panapostahili tu.

Nyundo inapiga, risasi hailii: atazame alama juu ya fataki. Alama yenye kina huonyesha kwamba risasi ndiyo mbaya, pengine ni ya zamani au imeingiwa na mafuta. Alama hafifu huelekeza kwenye bastola yenyewe.

Mtu naye apimwe. Mlinzi aliyetoka katika malaria juzi, au mwenye kidonda mkononi, hushika bastola kwa ulegevu. Mkono ukienda nyuma pamoja na bastola, mfuniko haumalizi safari yake, na ganda hukwama. Mwenzake mwenye mkono mzima akiipiga, haikwami. Hapo asiitwe mzembe, aletwe dispanseri.

Jambo kubwa: badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha sharjeri, resori na risasi siku ileile, na bastola ikapona, hutajua ni dawa gani iliyoiponya. Majaribio hayo yafanywe na fundi, kwenye uwanja wa mazoezi, siyo kwenye posti, wala nyumbani. Usikate resori, usipige tupa kulabu, usinunue kipande sokoni.

Afya yako

Mlio wa bastola hupita desibeli 140, na kelele ya namna hiyo yaweza kuharibu sikio kwa mara moja. Vaa vifuniko vya masikio na miwani kila unapojaribu. Moshi na masizi ya risasi yana madini ya risasi, na hiyo ni sumu, hasa kwa watoto. Usisafishe silaha juu ya meza ambapo bibi yako anapakua chakula. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kuvuta sigara.

Mtu akipigwa risasi kwa ajali: silaha zote ziwekwe mbali, kitambaa safi kikandamizwe kwa nguvu juu ya jeraha bila kukiinua kila mara, na gari liitwe upesi. Usimpe kinywaji.

Ndugu mlinzi, bastola inayokwama mara mbili usiifiche kwa kuogopa shefu. Irudishe, sema wazi, andika daftarini, omba nyingine. Mlinzi anayebeba silaha asiyoiamini halindi mgodi, wala halindi wenzake, wala hajilindi mwenyewe. Nawe mfanyakazi, usimwambie mlinzi kwa mchezo: "Ebu nione, si imeharibika?" Iliyoharibika ndiyo ya kuogopa zaidi.