Kijana Akiendesha Gari Lisilo na Bima, Nani Hulipa Hasara?

Mitaa ya Kariakoo haina nafasi ya kosa. Katika Mtaa wa Kongo, Barabara ya Msimbazi au Barabara ya Uhuru, watembea kwa miguu, wachuuzi, mikokoteni, bajaji na malori ya mizigo hugawana njia moja tangu alfajiri hadi usiku. Gari likiacha njia kwa hatua chache tu, hugusa mwili wa mtu au riziki yake. Hatari huzidi pale usukani unapokuwa mikononi mwa kijana wa miaka 15 au 16 asiye na leseni, na gari lenyewe halina bima.

Ajali ya namna hiyo inapotokea, kauli mbili husikika haraka. Wapo wasemao kuwa mzazi lazima alipe kila kitu. Wapo pia wadaio kuwa mtoto hadaiwi, na kwa hiyo aliyeumia abaki na hasara yake. Kauli zote mbili zina kasoro, na mkazi anayeziamini anaweza kupoteza haki yake au kujikuta na deni ambalo hakulitarajia.

Matakwa ya sheria

Sheria mbili zinagusa jambo hili moja kwa moja. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza mtu kuendesha gari barabarani bila leseni halali, na inamkataza pia mwenye gari au mwangalizi wake kumruhusu asiye na leseni kuliendesha. Leseni ya kuendesha gari hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo mzazi anayempa mtoto wake funguo anaweza kuwa ametenda kosa lake mwenyewe, hata kama hakuwamo garini.

Sheria ya pili ni Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Hii inamkataza mtu kutumia gari barabarani, au kusababisha au kuruhusu mwingine alitumie, ikiwa hakuna bima inayomlinda mtu wa tatu, yaani yule ambaye si mwenye bima wala kampuni ya bima. Bima hiyo ndiyo wakazi wengi huiita bima ndogo, kuitofautisha na bima kubwa ambayo hulinda pia gari la mwenye bima. Msingi wa sharti hilo ni kifo na majeraha ya mwili. Fidia ya mali, kama meza ya biashara au bidhaa zilizosagwa, hutegemea yaliyoandikwa katika mkataba, na ndiyo maana mkataba husomwa kabla ya kulipiwa.

Mtoto ana dhima yake

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo sasa ni Sura ya 13, inamtambua mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Utoto hauondoi dhima yote. Kijana aliyesababisha hasara kwa uzembe anaweza kufunguliwa shauri la madai, akiwakilishwa mahakamani na mtu mzima. Tatizo ni kwamba hukumu dhidi ya mwanafunzi asiye na mali wala kipato huweza kubaki karatasi tupu kwa miaka mingi.

Upande wa jinai, kijana hufikishwa Mahakama ya Watoto, na sheria hairuhusu mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani. Hata hivyo, pale mahakama inaporidhika kuwa mzazi au mlezi alichangia kosa kwa kutomwangalia mtoto ipasavyo, inaweza kuamuru mzazi huyo alipe faini, fidia au gharama.

Lini mzazi hudaiwa

Katika nchi kama Ufaransa, sheria ya madai huwabebesha wazazi dhima ya madhara yanayofanywa na mtoto wao mdogo. Tanzania haina kanuni pana kiasi hicho. Madai ya uzembe hapa nchini yanafuata misingi iliyopokewa kutoka sheria ya Uingereza, ambayo matumizi yake yanatambuliwa na Sura ya 358. Chini ya misingi hiyo, uzazi pekee haumfanyi mtu kuwa mdaiwa. Anayedai fidia hana budi kuonyesha jambo ambalo mzazi alilifanya au aliacha kulifanya.

Chukua mfano wa familia yenye duka la vitambaa karibu na Mtaa wa Swahili. Mtoto wao wa miaka 16 anaendesha gari la nyumbani, anapanda ukingo wa njia, anavunja mguu wa mama muuza matunda na kuharibu bidhaa zake. Yapo mazingira manne ya kutazamwa.

La kwanza, baba alimtuma kijana akachukue mzigo Gerezani. Hapo kijana alikuwa akifanya kazi ya mwenye gari, na mwenye gari huweza kubeba dhima kana kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani.

La pili, baba hakumtuma, lakini alimpa funguo akijua kuwa hana leseni wala ujuzi. Kumkabidhi gari mtu asiyeweza kulimudu ni uzembe wa aliyelikabidhi.

La tatu, baba aliruhusu gari litumike akijua kuwa halina bima. Katika shauri la Monk dhidi ya Warbey, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mwenye gari aliyeruhusu litumike bila bima anaweza kudaiwa fidia na aliyeumia, ikiwa dereva mwenyewe hana uwezo wa kulipa. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Tanzania, lakini una uzito wa kushawishi, kwa kuwa maneno ya sheria ya bima ya hapa yanafanana na ya kule.

La nne, kijana alichukua funguo usiku bila ruhusa. Hapa madai dhidi ya mzazi huwa magumu zaidi. Swali litakuwa kama mzazi alijua tabia hiyo na akaacha funguo mezani. Mzazi aliyekwisha kuonywa na majirani mara mbili hayuko sawa na yule ambaye jambo hilo limemshtua kwa mara ya kwanza.

Ni vema pia kukumbuka kuwa jina lililo kwenye kadi ya gari ndilo hutazamwa kwanza. Aliyeuza gari bila kubadilisha umiliki anaweza kuitwa mahakamani kujieleza kuhusu ajali ya mtoto asiyemfahamu.

Bima ikiwapo, dereva je?

Wapo wazazi wanaojifariji kuwa gari lina bima, hivyo hata mtoto akiligusa hakuna tatizo. Mikataba ya bima kwa kawaida hudai dereva awe na leseni halali. Sharti hilo likivunjwa, kampuni huweza kukataa dai la mwenye gari, au kudai irejeshewe kile ilichomlipa aliyeumia. Kwa hiyo gari lenye bima likiendeshwa na mtoto, linaweza kuiacha familia katika hali ileile ya gari lisilo na bima.

Hatua za aliyepata hasara

Aliyeumia hupewa matibabu kwanza, na fomu ya polisi ya PF3 hupatikana kituoni. Ajali iripotiwe mara moja, kwa wakazi wa Kariakoo katika Kituo cha Polisi Msimbazi. Zihifadhiwe picha za eneo, namba ya gari, majina ya mashahidi, stakabadhi za hospitali, na risiti au orodha ya bidhaa zilizoharibika. Mfanyabiashara asiye na risiti huwa na kazi kubwa ya kuthibitisha thamani ya mali yake.

Bima ya gari huweza kuhakikiwa kwa namba ya usajili kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Stika iliyobandikwa kiooni peke yake haitoshi kuwa uthibitisho. Mgogoro na kampuni ya bima unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Familia zikitaka kusuluhishana, makubaliano yaandikwe, yataje kiasi na tarehe za malipo, na yasainiwe mbele ya mashahidi au kiongozi wa mtaa. Asiharakishe kusaini kuwa amelipwa yote yule ambaye daktari hajasema matibabu yake yataisha lini. Suluhu ya fidia pia haifuti kesi ya jinai.

Shauri la madai ya uzembe lina ukomo wa miaka 3. Mdaiwa naye ana utetezi: ikiwa bidhaa zilipangwa juu ya njia ya magari, mahakama inaweza kupunguza fidia kwa kadiri ya mchango wa mdai katika ajali. Pale mtu anapofariki, wategemezi wake wanaweza kudai chini ya Sura ya 310. Asiyemudu wakili anaweza kuomba huduma zinazotolewa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na afisa ustawi wa jamii wa kata anaweza kumwelekeza mahali pa kuanzia.

Kwa wazazi na walezi

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kumnyima kijana funguo leo ni jambo la dakika chache za manung'uniko. Kuuza kiwanja ili kulipia mguu wa mtu ni jambo la maisha. Wazazi wanashauriwa kufungia funguo za magari, kukagua tarehe ya mwisho ya bima kila mara, kuwaambia mafundi wa gereji wasimkabidhi mtoto gari, na kutomtuma mtoto kwa gari hata kama safari ni ya kutoka duka moja hadi jingine.

Mama muuza matunda katika mfano huu hakuuliza dereva ana miaka mingapi kabla ya kupanga meza yake. Swali hilo ni la mwenye funguo, na wakati wa kulijibu ni kabla gari halijawashwa.