Mila za Chumba cha Udahili

Julai 2012 kamati ya elimu ya Seneti ya Marekani, chini ya Seneta Tom Harkin, ilitoa ripoti kuhusu kampuni 30 zinazomiliki vyuo vinavyoendeshwa kwa faida. Mwaka 2010 kampuni hizo zilikuwa na watu 35,202 wa kuandikisha wanafunzi. Waliokuwa na kazi ya kuwasaidia wahitimu kutafuta ajira walikuwa 3,512. Kumi kwa mmoja: uwiano huo umetajwa mara nyingi kuonyesha vyuo vile vilithamini nini, nami sina ubishi nao. Lakini watu elfu thelathini na tano wanaofanya kazi moja, kwa saa zilezile na kwa maneno yaleyale, kutoka Florida hadi California, ni jamii. Wana vyeo vyao, miiko yao, zawadi zao na adhabu zao. Wana namna ya kumpokea mgeni na namna ya kumtoa asiyefaa. Hoja yangu ni kwamba udanganyifu ambao vyuo hivyo vilishitakiwa kwao ulikuwa sehemu ya mila hizo. Ulifundishwa mchana kweupe, ukapimwa, ukatuzwa, hata mtu mwenye heshima zake akaweza kuufanya wiki nzima na kurudi nyumbani bila kujihesabu kuwa mwongo.

Kwanza mkondo wa pesa, kwa kifupi. Vyuo hivi hufundisha kazi: uuguzi msaidizi, ufundi wa magari, kompyuta, mapishi, ususi na urembo. Karo yake kwa kawaida huzidi ya vyuo vya umma vya jirani, na wanafunzi wengi huilipa kwa ruzuku na mikopo ya serikali kuu. Sheria iliruhusu hadi asilimia 90 ya mapato ya chuo yatoke kwenye misaada ya Idara ya Elimu, na kwa miaka mingi posho za masomo za wanajeshi wastaafu hazikuhesabiwa humo. Ndiyo maana walisakwa kwa bidii, mpaka Bunge lilipoziba mwanya huo mwaka 2021. Katika mwaka wa fedha 2009 kampuni zile 30 zilitumia asilimia 22.7 ya mapato kutangaza na kuandikisha, asilimia 17.2 kufundisha, na faida ikawa asilimia 19.4. Pesa huanza kuingia mwanafunzi akianza masomo. Kama atamaliza, hiyo ni habari nyingine: kati ya walioanza mwaka wa masomo 2008-09, asilimia 54 walikuwa wamekwisha kuondoka bila shahada wala cheti kufikia katikati ya 2010. Afisa udahili amewekwa mahali pa mpiga debe wa stendi. Anahesabiwa abiria walioingia, na basi likiharibika njiani yeye bado yuko palepale anaita wengine. Abiria wa basi, hata hivyo, hulipa nauli mara moja yakaisha.

Katika jamii hii siku huanza na majina. Mtu amejaza fomu mtandaoni, pengine alikuwa anatafuta kazi tu, na jina lake limeuzwa na madalali wa majina kwa vyuo kadhaa kwa mpigo. Anayewahi ndiye apataye, kwa hiyo kasi ni fadhila ya kwanza kufundishwa. Wakaguzi wa Bunge waliojifanya watafutaji wa chuo mwaka 2010 walianza kupigiwa simu ndani ya dakika tano baada ya kujiandikisha. Mmoja wao alipigiwa zaidi ya mara 180 katika mwezi mmoja. Idadi hiyo husomwa siku zote kutoka upande wa anayepigiwa. Upande wa pili alikuwapo mtu mwenye vipokea sauti masikioni, na simu zake, dakika zake za mazungumzo, miadi yake, maombi aliyokusanya na wanafunzi wake walioanza vyote vilikuwa vikihesabiwa na msimamizi. Mwaka 2004 Idara ya Elimu iliandika kuhusu University of Phoenix, kimojawapo cha vyuo hivi, kwamba waandikishaji wasiofikia malengo walipelekwa kwenye chumba cha vioo kilichoitwa chumba chekundu, wakapige simu humo chini ya macho ya wakubwa na mbele ya wenzao. Chuo kilipinga ripoti hiyo, kikalipa dola milioni 9.8 kumaliza shauri bila kukiri kosa. Sina haja ya kulizungumzia shauri lenyewe. Chumba kile kilikuwa adhabu ya aibu, na aibu haimwumi mtu mahali ambapo hakuna jamii ya kumtazama.

Lakini kuna hati moja inayonishughulisha kuliko chumba cha vioo. Kamati ya Harkin ilichapisha karatasi ya mafunzo ya waandikishaji wa vyuo vya ITT Tech, na juu yake pamechorwa faneli ya maumivu. Mbinu yenyewe imetoka kwa walimu wa mauzo ya kawaida, yale ya kuuza mashine na bima. Maswali yamepangwa kutoka mdomo mpana wa faneli kushuka hadi kwenye tundu lake jembamba. Juu kabisa ni maswali ambayo jirani yeyote angekuuliza: hebu nieleze zaidi, nipe mfano, jambo hili limekusumbua tangu lini? Katikati: umejaribu kufanya nini, na je, ilisaidia? Imekugharimu kiasi gani? Chini kabisa mtu anaulizwa anajisikiaje juu ya hayo yote, na kama ameshakata tamaa ya kuyatatua. Ukiitazama kwa makini utaona kwamba haina neno hata moja la uongo. Haiahidi ajira, haitaji mshahara, haisemi lolote juu ya chuo. Inamfundisha mwandikishaji kufanya jambo ambalo kwetu hufanywa na shangazi au somo, yaani kumkalisha mtu mpaka aseme kinachomkereketa, kisha inamfundisha kutompa pole. Akishafika kwenye tundu, anapewa fomu.

Hapo ndipo napaona kiini cha mila hii. Anayekuja na siri ya moyo hustahili ushauri, na mwandikishaji ameitwa mshauri. Cheo chake kimeandikwa hivyo kwenye kadi. Mpigiwa simu anaitika kwa adabu anazozijua za mtu na mshauri wake. Mwenzake anafuata kanuni za muuzaji. Nyaraka za ndani za Corinthian, kampuni iliyomiliki vyuo vya Everest, ambazo Mwanasheria Mkuu wa California alizitaja katika kesi yake ya 2013, ziliwaeleza watu waliokuwa wakisakwa kuwa wapweke, wasio na subira, wasiojithamini, wenye watu wachache wa kuwajali. Mtu wa namna hiyo akipata simu kutoka kwa anayeuliza habari zake na kumsikiliza hadi mwisho, ataamini kwamba amepata wa kumjali. Uongo mahususi kuhusu mishahara na ajira, uliothibitishwa baadaye mahakamani, ulipandwa katika udongo uliokwisha kulimwa na desturi hiyo.

Na waliolima walikuwa nani? Tressie McMillan Cottom, mwanasosholojia aliyewahi kuandikisha wanafunzi katika chuo cha urembo na kisha chuo cha ufundi kabla ya kurudi kusomea udaktari wa falsafa, alitoa kitabu Lower Ed mwaka 2017. Mchango wake mkubwa ni kuwaondoa wanafunzi katika sura ya wajinga. Anaonyesha kwamba soko la ajira la Marekani limeacha mzigo wa mafunzo mgongoni mwa mfanyakazi, kisha likamdai vyeti kila anapogeuka. Anayekimbilia chuo chenye mlango mwepesi anafanya hesabu ya mtu mzima. Nami naongeza kwamba hesabu hiyohiyo humfaa mwandikishaji. Kazi ya ofisini, yenye tai na cheo cha ushauri, inayoweza kupatikana na mtu aliyetoka kuuza simu au magari, si kazi ya kuchezea, hasa baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008. Mtu kama huyo haoni shida kuamini kwamba cheti kitamwinua mwenziwe, kwa kuwa yeye mwenyewe ameinuliwa na kiti alichokalia. Imani hiyo ndiyo mafuta ya mashine. Mlaghai anayejijua huchoka au hushikwa. Anayeamini hupiga simu ya mia na themanini kwa sauti ya upendo.

Watetezi wa vyuo walikuwa na jibu lao: wafanyakazi wachache waovu waliokiuka maelekezo. Historia ya malipo yao inalikataa. Mwaka 1992 Bunge lilipiga marufuku kuwalipa waandikishaji kwa kuhesabu vichwa. Mwaka 2002 Idara ya Elimu ikalegeza kanuni, ikaruhusu mshahara ubadilishwe hadi mara mbili kwa mwaka ilimradi badiliko lisitokane na idadi ya wanafunzi peke yake. Peke yake! Kilichohitajika sasa ni kuongeza vipengele vingine kwenye karatasi ya tathmini, na idadi ikaendelea kutawala chini ya shuka. Waandikishaji wawili wa zamani wa University of Phoenix walishitaki kwamba ndivyo ilivyofanyika. Kesi yao ilimalizwa Desemba 2009 kwa dola milioni 67.5, tena bila chuo kukiri kosa. Julai 2011 kanuni zile za kulegeza zikafutwa. Kama tatizo lingekuwa tamaa ya mtu mmoja mmoja, kufuta bonasi kungelimaliza. Lakini mwaka 2022 jaji wa San Diego aliiamuru Ashford University na iliyokuwa kampuni yake mama kulipa takriban dola milioni 22 kwa kuwapotosha wanafunzi, na simu zilizochunguzwa zilihusu pia miaka mingi baada ya 2011. Waandikishaji wa zamani walisimama kizimbani kama mashahidi, wakaeleza woga uliotanda kazini. Bonasi ilikuwa imekwenda, hofu ya kufukuzwa ikashika nafasi yake, na maneno ya simu hayakubadilika. Desturi iliyokwisha kuota mizizi hupata riziki kwingine.

Wapo watakaosema kila chuo hutafuta wanafunzi, hata vile vyenye majina makubwa, na kila biashara ina wauzaji wenye malengo. Kweli. Chuo kikuu kinachojitangaza kwa picha za majani ya vuli na viwanja vya michezo nacho kinacheza na hisia. Ila mnunuzi wa gari baya anaweza kuliuza tena kesho. Deni la masomo la serikali ya Marekani ni gumu mno kufutwa hata kwa kufilisika, na aliyeshindwa kulilipa anaweza kukatwa mshahara. Ripoti ya Harkin ilisema vyuo hivi vilikuwa na takriban asilimia 13 ya wanafunzi na asilimia 47 ya walioshindwa kulipa mikopo. Malengo ya mauzo ni yaleyale. Kinachouzwa ndicho kinachoyafanya kuwa mabaya.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na wakosoaji wengi hulipita haraka. Ripoti ya wakaguzi wa Bunge ya Agosti 2010 ilibidi isahihishwe miezi michache baadaye, na baadhi ya mifano iliyowachafua waandikishaji ikalainishwa: ilionekana kwamba maneno fulani yaliyotolewa kama udanganyifu yalikuwa na maelezo ya kweli pembeni yake. Vyuo vilishangilia. Lakini masahihisho yale yanasema kitu ambacho hakikusemwa wakati huo. Katika mazungumzo yaleyale, mtu yuleyule, shauri jema na shinikizo vilikuwa vimekaa pamoja. Hivyo ndivyo hasa ingekuwa kama anayepiga simu angekuwa mtu wa kawaida anayebanwa na kanuni za kazi yake. Tapeli wa hadithi asingempa mteja shauri jema hata kwa bahati.

Na je, kuwaita watu wa mila si kuwaondolea lawama? Wazee wetu walijua kuwa mila inaweza kuwa mbaya na anayeifuata akaulizwa. Mtu mzima aliyesoma karatasi ile ya faneli alielewa alichokuwa akiambiwa afanye. Ninachokataa ni kuigawa lawama kwa usawa. Mkubwa aliyenufaika na faneli alilipwa pia kwa hisa, na aliyeishuka na mama mmoja kwenye simu saa mbili za usiku alilipwa mshahara ambao ungeweza kupunguzwa baada ya miezi sita. Kuna pia waliojitoa. Sheria ya Marekani humpa fungu la fidia mfanyakazi anayefichua udanganyifu dhidi ya serikali, na wale wawili wa Phoenix waligawana takriban dola milioni 19. Mtu anaweza kuona kinyaa kwamba ukweli umelipiwa kamisheni. Mimi naona ni jambo la kuchekesha kidogo, na la haki: katika jamii iliyozoea kuhesabu kila kitu, serikali iliwatolea bei ya kusema pia.

Corinthian ilifunga milango Aprili 2015, ITT Tech Septemba 2016, na wafanyakazi wake wapatao 8,000 wakapoteza kazi, nao wanafunzi wakapoteza chuo. Juni 2022 Idara ya Elimu ilitangaza kufuta dola bilioni 5.8 za madeni ya watu 560,000 waliosoma Corinthian. Agosti 2023 ilifuta dola milioni 72 za madeni ya wanafunzi zaidi ya 2,300 wa Ashford, ikitumia ushahidi wa kesi ile ya San Diego. Kesi hiyo ilifunguliwa na jimbo la California, kwa hiyo haikuwa na fungu la kumgawia shahidi. Waandikishaji wale walikwenda kizimbani kueleza, mbele ya jaji, maneno waliyokuwa wakiyasema kila siku kwenye simu, kisha wakateremka.