Fosforasi Haipai: Kazi ya Vijidudu Katika Maji Taka

Kila mkulima anaijua fosforasi hata kama hajui jina lake. Ndiyo tunayoitafuta tukinunua mbolea ya DAP ya kupandia mahindi. Shambani ni baraka. Ikiingia ziwani inalisha mwani na magugu maji. Wavuvi wa Ghuba ya Winam hawahitaji kuelezwa: miaka ya 1990 magugu hayo yaliziba gati la Kisumu, meli na mitumbwi ikashindwa kupita.

Fosforasi nyingi huletwa ziwani na udongo unaochukuliwa na mvua. Nyingine tunaitoa sisi wenyewe, katika mkojo, kinyesi na maji ya kufulia. Na shida yake ni hii: haiozi ikaisha. Nitrojeni inaweza kugeuzwa hewa ikapaa, lakini fosforasi haipai. Isipotolewa kwa maji taka, inaenda nayo hadi mtoni.

Kuna dawa za kuizamisha, lakini dawa ni pesa kila siku. Njia nyingine ilikuzwa hapa hapa Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mhandisi James Barnard alikuwa akifanya majaribio katika mtambo wa Daspoort, Pretoria, akitafuta namna ya kuondoa nitrojeni. Akaona fosforasi nayo imepungua sana. Wengine walikuwa wameona jambo kama hilo kabla yake, lakini yeye alionyesha jinsi ya kupanga matangi ili litokee kila mara. Mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Maji ya Lee Kuan Yew huko Singapore.

Mpango wenyewe ni huu. Katika tangi la kwanza maji taka huchanganywa na matope yaliyojaa bakteria, bila kupulizwa hewa. Chakula kiko tele, hasa asidi za jamii ya siki, lakini bila oksijeni bakteria wengi hawana nguvu ya kukila. Aina moja inayo akiba: mwilini amebeba fosforasi iliyofungwa kama mnyororo. Anaukata mnyororo apate nguvu, anameza chakula na kukihifadhi kama mafuta, na fosforasi anaitema. Ukipima maji ya tangi hili utashtuka, maana fosforasi imeongezeka!

Ngoja kwanza. Tangi la pili hupulizwa hewa. Chakula cha nje kimekwisha, lakini bakteria wetu amekuja na chake. Anakichoma kwa oksijeni, anazaana, kisha anafyonza fosforasi yote aliyoitema na zaidi. Ni kama mama wa soko anayetoa mtaji asubuhi kununua bidhaa, na jioni anarudisha mtaji pamoja na faida. Bakteria wa kawaida akikaushwa ana fosforasi kama asilimia 2 ya uzani wake. Matope ya mtambo huu hufika asilimia 5 au zaidi.

Mwisho matope huachwa yazame na maji hupita juu. Sehemu ya matope hurudishwa tangi la kwanza kuendelea na kazi, sehemu hutolewa kabisa, na hapo tu ndipo fosforasi inapotoka. Yakiachwa kukaa bila hewa, bakteria wanaitema tena na kazi yote inapotea. Joto nalo huleta wapinzani, yaani bakteria wanaokula chakula kile kile bila kubeba fosforasi.

Huku kwetu maji taka mengi, kama ya Nairobi yanayoenda Dandora karibu na Ruai, husafishwa katika mabwawa makubwa. Mabwawa hupunguza sana viini vya magonjwa na hayahitaji stima nyingi, lakini hayakujengwa kwa kazi ya fosforasi. Mtambo wa matangi unataka stima mchana na usiku, na mtu wa kupima maji. Kwa maoni yetu, mji usioweza kulipia hayo usianze kuujenga.

Matope ya eksosta nayo yana fosforasi, na kweli ni mbolea. Lakini pia yana mayai ya minyoo, kwa hivyo msiyamwage mabichi kwenye sukuma wiki.

Na kikundi chenu kikiwa chini ya mto unaopokea maji ya mji, ulizeni barazani: matope ya mtambo hutolewa mara ngapi, na hupelekwa wapi?