Kicheko Kilicholala Chini ya Kitanda

Ukipita kando ya Nyahanga wakati mpunga unapoanza kuzaa, utasikia majaruba yanavuma. Si nyuki. Ni utepe wa kanda za redio, ule mweusi mwembamba, umefungwa kutoka kijiti hata kijiti. Upepo ukiupiga hulia na kumetameta juani, ndege wakakimbia. Ni akili nzuri, wala simlaumu mtu. Kweleakwelea hawana huruma, na watoto waliokuwa wakiamia ndege zamani siku hizi wako shuleni, ndivyo ipasavyo.

Lakini mwaka huu nilisimama kwenye tuta la jaruba moja nikajiuliza: ndani ya utepe ule mlikuwa na nini? Mwenye shamba ni mjane mmoja ambaye namwita shangazi, kwa kuwa alikua nyumba moja na baba yangu. Tulipokwisha kuamkiana, mwangaluka na mhola, nikamwuliza. Akanijibu huku akipalilia: "Zilikuwa za marehemu, mwanangu. Kwaya ya parokia, na wale wachekeshaji wa redioni, Pwagu na Pwaguzi. Redio yenyewe ilikufa zamani. Nizifanyie nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilirudi nyumbani nikiwaza habari za watu wa mbali waliopoteza vichekesho vyao, na wengine wakavipata tena mahali ambapo mtu asingedhani. Ndizo habari ninazotaka kuwasimulia leo, ndugu wasomaji.

Huko Marekani, tarehe 5 Oktoba 1951, mchekeshaji Jackie Gleason alionyesha katika televisheni mchezo mfupi wa mume na mke. Mume, Ralph Kramden, ni dereva wa basi mjini New York: mnene, mwenye kelele, kila wiki ana shauri jipya la kutajirika, na kila shauri humwacha maskini kuliko jana. Mkewe Alice hapigi kelele. Husimama tu, mikono kiunoni, na neno lake moja humtosha. Ghorofani juu yao anakaa rafiki yao Ed Norton, ambaye kazi yake ni chini ya ardhi katika mifereji ya maji machafu ya mji. Nyumbani mwao mna meza, viti na sanduku la barafu la kuhifadhia chakula. Mchezo huo uliitwa The Honeymooners, yaani watu walio katika fungate, na jina lenyewe ni mzaha, kwa kuwa fungate ya hao wawili ilikwisha miaka mingi. Watu wakapenda mno. Nani asiyemjua dereva wa namna hiyo, au mke wa namna hiyo?

Sasa, katika siku zile michezo ya televisheni ilichezwa palepale, watazamaji wakiona saa ileile, kama ngoma. Ikiisha imekwisha. Ili mji wa mbali nao uone, fundi aliweka kamera ya sinema mbele ya kioo cha televisheni akapiga picha ya picha. Filamu hiyo ilikuwa hafifu, yenye ukungu, na ilipokwisha kutumika wengi waliitupa. Ila kati ya Oktoba 1955 na Septemba 1956 Gleason alitengeneza vipindi 39 kwa mtambo mpya uliopiga filamu safi moja kwa moja. Hivyo 39 vikahifadhika, vikaonyeshwa tena na tena kwa miaka karibu thelathini, hata watu wakavijua kwa moyo kama sala za jioni. Kila mtu akaamini kwamba hivyo ndivyo vyote vilivyobaki.

Kumbe Gleason mwenyewe alikuwa ameweka akiba. Zile filamu hafifu za michezo ya miaka ya 1952 hadi 1957 alizitunza miaka yote bila kusema. Mwaka 1985 akazitoa, nazo zikaonyeshwa. Fikirini mtu aliyemwona Ralph akiwa mtoto wa miaka minane, ameketi sakafuni karibu na miguu ya baba yake, na sasa yeye mwenyewe ana watoto: anaona tena mchezo aliodhani ulikufa pamoja na utoto wake. Gleason alifariki Juni 1987, miaka miwili tu baadaye. Angechelewa kidogo, sijui nani angejua mahali pa kutazama.

Hata hivyo si vyote vilivyopatikana. Ile michezo ya mwanzo kabisa, ambamo Alice alichezwa na mama mwingine, Pert Kelton, ilitoka katika kampuni ya televisheni iitwayo DuMont, iliyokufa mwaka 1956. Mwigizaji Edie Adams alieleza mwaka 1996 jinsi filamu za DuMont zilivyokwisha: katika miaka ya 1970 zilipakiwa kwenye malori, zikapelekwa kutupwa katika maji ya bandari ya New York. Sababu ni kwamba hakuna aliyetaka kulipia ghala. Vicheko vya taifa zima vililiwa na samaki.

Habari ninayoipenda zaidi ni ya kitanda. Mwaka 1951 huohuo Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walipiga mchezo wa majaribio ili waonyeshe matajiri wa matangazo kwamba wao wawili wanaweza kuchekesha. Lucille alikuwa mja mzito wakati ule, akafichwa kwa nguo pana. Katika mchezo huo alikuwamo mchekeshaji mmoja Mhispania aliyeitwa Pepito. Majaribio yalifaulu, ukazaliwa mchezo wa I Love Lucy, ambao ulizunguka karibu dunia nzima. Lakini ile filamu ya majaribio yenyewe ilipotea. Wataalamu waliitafuta katika maghala, wakaiandika katika orodha ya vitu vilivyokwisha kufa.

Kumbe Desi alikuwa amempa Pepito nakala moja kama zawadi. Pepito akafa. Mjane wake akaendelea kuishi na vitu vya mumewe, kama wajane wafanyavyo, na filamu ilikuwa chini ya kitanda. Chini ya kitanda! Ilitoka hapo mwishowe, ikaonyeshwa tarehe 30 Aprili 1990, miaka 39 baada ya kupigwa, na mwaka mmoja na siku chache baada ya Lucille mwenyewe kufariki. Hakuiona.

Waingereza walipoteza kwa njia nyingine. Shirika lao la BBC lilitumia utepe mpana uliokuwa ghali sana, na utepe huo waweza kufutwa ukaandikwa upya, kama ubao wa darasani. Basi wakafuta. Televisheni ya rangi ilipofika, vile vya nyeusi na nyeupe vikaonekana takataka. Isitoshe, mapatano na waigizaji hayakuruhusu kurudia mchezo mara nyingi. Mpaka mwaka 1978 ndipo walipoanza kutunza kwa utaratibu. Mchezo wao mashuhuri wa Dad's Army, wa wazee walinzi wa mji wakati wa vita ya Hitler, ulipungukiwa vipindi vitano vya mwaka 1969. Mwaka 2001 viwili vilionekana katika banda la bustani la mtu, ambaye aliviokota katika jaa la studio yapata miaka thelathini kabla. Vitatu havijaonekana.

Na hapa Afrika inaingia. Shirika hilo liliziuzia televisheni za Afrika nakala za filamu, nazo zikapitishwa kutoka nchi hadi nchi kama sufuria ya kuazima. Masharti yalikuwa kuzirudisha au kuziteketeza. Lakini nani huteketeza kitu kizuri kwa sababu barua imesema? Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya mchezo wa Doctor Who wa miaka ya 1960 vilipatikana Nigeria, katika mji wa Jos, kwenye stoo ya kituo cha televisheni. Wenyewe walikuwa wamevifuta kwao. Mwafrika aliyesahau kufuata amri ndiye aliyewatunzia. Sisi ambao kila siku twaambiwa hatujui kutunza vitu, haya na tucheke kidogo.

Jambo moja zaidi kuhusu mchezo huo. Vipindi zaidi ya tisini picha zake hazijulikani zilipo, lakini sauti za vyote zipo. Zilinaswa na watoto majumbani mwao, waliokaa mbele ya televisheni wakishika kipaza sauti na kuwanyamazisha mama zao. Hawakuwa wataalamu. Walipenda tu.

Sasa turudi kwetu. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na huku bara tulingoja hadi 1994. Kwa hiyo vichekesho vyetu vya zamani si vya kioo, ni vya sikio. Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyotuletea Pwagu na Pwaguzi, waliopata jina lao katika ile methali ya pwagu kupata pwaguzi. Wazee wa Nyahanga watakumbuka jinsi redio ilivyowekwa juu ya kigoda nje ya nyumba, majirani wakaja na viti vyao, na atakayekohoa akatazamwa vibaya.

Hata sinema za Kiswahili za kuchekesha tulikuwa nazo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilipigwa filamu Tanganyika, mojawapo ikiitwa Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, huyohuyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Waulizeni vijana wenu kama wanajua kwamba Simba wa Vita aliwahi kuwachekesha watu katika sinema. Na Wakenya nao wana Vitimbi na Vioja Mahakamani. Alipofariki Mzee Ojwang' Julai 2015, ambaye jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau, watu wazima walimlilia kama babu wa nyumbani.

Ghala kubwa la sauti zetu liko Dar es Salaam. Radio Tanzania ilikuwa ikinasa bendi katika studio yake yenyewe, Tabora Jazz wa jirani zetu miongoni mwao, na kanda hizo zilirithiwa na Shirika la Utangazaji, TBC. Tangu mwaka 2012 wamekuwapo watu waliojitahidi zihamishwe kutoka katika utepe na kuwekwa katika kompyuta, kwa maana utepe hauvumilii: joto huukunja, unyevu huuletea ukungu, na ile dawa ya kahawia inayobeba sauti hupukutika kama kutu. Hiyo ni kazi ya Dar es Salaam. Lakini ghala la pili limetawanyika vijijini, katika masanduku ya bati na chini ya vitanda.

Yafaa niseme mambo machache ya kazi, kwa mwenye kanda nyumbani. Ukiona ukungu mweupe juu ya utepe, usiicheze kwanza. Utachafua redio na kuharibu kanda nyingine. Ianike kivulini pakavu, kamwe si juani, kisha mpelekee fundi. Mgongoni mwa kanda pana vipembe viwili vya plastiki. Vivunje, ili mtoto asinase juu yake kwa bahati mbaya. Kama utepe umeganda, uzungushe polepole kwa kalamu ya risasi. Isikae karibu na spika, kwa sababu sumaku hula sauti. Ukipata redio inayocheza, waya mmoja hadi kwenye simu au kompyuta watosha kuihamisha. Waya ukikosekana, weka simu mbele ya spika katika chumba kimya. Na andika juu yake nani, wapi, mwaka gani. Sauti isiyo na jina ni yatima.

Watu wa huku kwetu hawahitaji kufundishwa kwamba kilichotupwa kina mali. Mchanga uliokwisha sagwa kwenye karasha na kuoshwa hatuuachi. Twauita marudio, na wapo wanaoununua na kuutoa dhahabu tena. Televisheni nayo kipindi kilichokwisha onyeshwa hukiita marudio.

Basi Jumapili iliyofuata nilirudi kwa shangazi. Chini ya kitanda chake lilikuwamo boksi la sabuni lenye kanda kumi na moja ambazo hazijafika shambani. Nne zilikuwa na ukungu, mbili zilikuwa zimekatika. Tulizipeleka Kahama mjini kwa fundi mmoja mwenye redio ya zamani ambayo hukohoa kabla ya kuimba. Ya kwanza ilikuwa kwaya, sauti ya tatu ikipotea njia kila beti. Ya pili haikuwa na maandishi.

Marehemu, alinieleza shangazi, hakuwa na redio ya kunasia. Aliazima kinasa sauti cha mwalimu akakiweka mbele ya redio yake. Kwa hiyo kilinasa nyumba nzima. Kwanza jogoo. Kisha sauti ya mwanamume, karibu sana, ikikemea: "Nyamazeni, yanaanza!" Kisha wachekeshaji, kwa mbali, wakibishana dakika chache, maneno nusu yakimezwa na mvumo. Na juu ya hayo yote kicheko cha mwanamke kijana, kirefu, kinachoshindwa kujizuia ijapokuwa amekatazwa.

Fundi akauliza huyo ni nani. Shangazi hakumjibu. Alifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniambia nirudishe nyuma, nianze tena pale penye jogoo.